Kitabu cha Komodo na watoto waliobaki nje ya picha

Wenzangu wahitimu, walionizoea hapa kwa habari za mnyauko wa migomba na mozaiki ya muhogo wanivumilie. Leo naongelea kitabu cha watoto. Kinaitwa Komodo!, kimeandikwa na kuchorwa na Peter Sís, mtu aliyezaliwa Brno wakati nchi ile ikiitwa Chekoslovakia, akahamia Marekani miaka ya 1980. Kitabu kilitoka mwaka 1993. Kwetu kilifika ndani ya katoni ya vitabu vya msaada, na tangu siku ile nimewasomea watoto wa kartiye mara nyingi sana, nikitafsiri papo hapo. Hakuna mtu aliyewahi kusoma memwari yangu ya lisansi mara nyingi hivyo, hata mimi mwenyewe.

Hadithi ni fupi. Kuna mtoto wa kiume anayependa dragoni kupita kiasi. Wazazi wake wanaamua kumpeleka Indonesia, kwenye kisiwa cha Komodo, pale anapoishi mjusi mkubwa kuliko wote duniani, yule ambaye wazungu wanamuita dragoni wa Komodo. Wanafika. Kumbe kisiwa kimejaa watalii, wanasukumana, kelele tupu, mtoto haoni kitu. Basi anajitenga na kundi, anaingia porini yeye peke yake, na huko anakutana na mnyama uso kwa uso. Kisha safari ya kurudi.

Nitasema wazi: kitabu hiki ni kizuri, na pia kinanikera. Haya mambo mawili hayapingani. Kitabu kibaya hakimkeri mtu, unakirudisha kwenye katoni na kusahau.

Uzuri wake kwanza. Sís anajua kumfundisha mtoto kuangalia. Porini mle majani na matawi yamechorwa kwa namna ambayo jicho linaanza kutafuta umbo la mnyama kabla hajatokea. Watoto wangu wa Jumapili (nawaita wangu, ingawa kila mmoja ana kwao) wanapofika kwenye kurasa hizo wananyamaza. Wanaweka kidole kwenye karatasi. Mmoja anasema "huyu hapa", mwingine anabisha, tunabaki ukurasa mmoja kwa dakika kumi. Mtu aliyefanya kazi ya shamba anajua hiyo ni nusu ya elimu yote. Mdudu wa kwanza kwenye jani humuoni kwa sababu ni mkubwa, unamuona kwa sababu umezoea kutazama. Vitabu vingi vya wanyama kwa watoto vinamleta mnyama katikati ya ukurasa, amefungua kinywa, na maandishi makubwa juu yake. Sís anamficha. Namheshimu kwa hilo.

Tena ana ujasiri wa kukataa kitu ambacho wakati ule kilikuwa kweli kabisa. Kwa miaka mingi, watalii waliofika Komodo walionyeshwa mjusi kwa kumtupia mbuzi. Watu wanasimama juu, mbuzi anashushwa chini, wanyama wanakuja kumrarua, kamera zinalia. Mwandishi Mwingereza Douglas Adams alifika kule na mtaalamu wa wanyama Mark Carwardine, akaandika tukio hilo katika Last Chance to See, kitabu cha mwaka 1990, na unaposoma unasikia aibu yake. Baadaye wasimamizi wa hifadhi waliacha desturi ya kulisha, kwa kuwa wanyama walishaanza kuzoea kungoja chakula badala ya kuwinda. Kwa hiyo Sís anapochora umati wa watu, na mtoto asiyeona kitu kwa sababu ya umati huo, anasema jambo la haki: mnyama wa namna hii hajulikani kwa njia ya maonyesho.

Sasa ubaya. Unaanzia palepale ambapo hadithi inapendeza zaidi, pale mtoto anapoondoka peke yake.

Mara ya kwanza niliposoma sehemu hiyo kwa sauti, msichana mmoja wa miaka saba alinikata: "Yaya, balimuacha yeye peke mu pori? Mama yake iko wapi?" Nikaendelea kusoma. Akauliza tena. Watoto wetu wanajua pori si mahali pa mtoto kuzurura peke yake ili apate furaha ya moyo, na hawahitaji hifadhi ya taifa kuwaambia. Na kule Komodo hali ni hiyohiyo. Mgeni haruhusiwi kutembea bila askari wa hifadhi, anayebeba fimbo ndefu yenye panda mwishoni. Mwaka 2007 mtoto wa kiume wa miaka minane, mwenyeji wa kisiwa hichohicho, aliumwa na mjusi huyu na akafa. Nafahamu hadithi ya watoto si ripoti ya polisi. Kitabu kilitoka miaka 14 kabla ya kifo hicho, na simlaumu mchoraji kwa jambo hilo. Ninachosema ni kwamba hadithi nzima imesimama juu ya wazo moja, kwamba kukutana na mnyama adimu ni kwako wewe mgeni, faraghani, na wengine wote ni kelele. Na wenyeji je, nao ni kelele?

Hapo swali la pili la watoto liliingia, na hili lilitoka kwa kaka yake yule msichana: "Na batoto ba kule, beko wapi?"

Swali hilo la mtoto wa darasa la tatu ya msingi linazidi ukosoaji wangu wote. Kwa sababu wapo. Kijiji cha Komodo kiko kwenye ufuko wa mashariki wa kisiwa, nyumba zake nyingi zimeinuliwa juu ya nguzo, kina watu karibu 2,000. Watoto wanazaliwa pale, wanakwenda shule pale, wengine wanawauzia watalii wanyama wa mbao waliochongwa na baba zao. Wanaye mnyama huyu kama vile siye tulivyo na mvua. Wana jina lake, wanamuita ora. Na wana hadithi inayoeleza ora alitoka wapi: malkia aliyeitwa Putri Naga alizaa mapacha, mmoja binadamu wa kiume aliyeitwa Gerong, mwingine mtoto wa kike mwenye umbo la mjusi, ndiye Ora. Gerong alikua kijijini, Ora akakulia msituni. Siku moja Gerong akiwa mwindaji alitaka kumuua mnyama mkubwa aliyemkuta kwenye windo lake, mama yao akatokea na kumzuia: huyu ni dada yako, mlizaliwa siku moja.

Jaribuni kulinganisha milango hii miwili ya kumjua mnyama mmoja. Mlango wa kwanza unamwambia mtoto: huyu ni dragoni wako uliyekuwa ukimuota kitandani. Wa pili unamwambia: huyu ni ndugu, ana meno, usimuue na usimsogelee. Mimi najua ningependa mtoto wangu apitie wapi.

Neno "dragoni" lenyewe linataka kuchunguzwa, sana sana na sisi tunaosoma kwa Kiswahili. Mnyama huyu aliingia kwenye vitabu vya sayansi mwaka 1912, wakati Pieter Ouwens, mkuu wa jumba la wanyama la Buitenzorg (leo Bogor) kwenye kisiwa cha Java, alipomwandika na kumpa jina Varanus komodoensis. Varanus ni ukoo wa kenge. Yaani kisayansi ora ni kenge, ndugu wa damu wa yule kenge anayeogelea kwenye mito yetu na kula mayai ya mamba. Neno dragoni lilipata nguvu baada ya mwaka 1926, Mmarekani W. Douglas Burden alipofanya safari ya kuwatafuta na kurudi New York na wawili wakiwa hai. Safari hiyo ni mojawapo ya vitu vilivyozaa filamu ya King Kong mwaka 1933, kwa hiyo mnajua jina hili lilitoka kwenye hewa ya namna gani.

Sasa tafsiri kwa Kiswahili uone. Kwenye intaneti wameandika "joka la Komodo". Nenda useme joka mbele ya watoto wa kartiye yetu, ambao Jumapili asubuhi hiyohiyo wametoka kanisani. Joka ni nyoka mkubwa, na zaidi ya hapo ni yule mwekundu wa kitabu cha Ufunuo. Niliposema neno hilo mara moja tu, mtoto mmoja alisogea nyuma na kuuliza kama kitabu kimeombewa. Nikisema kenge, wanacheka, kwa kuwa kenge ni tusi. Nikisema ora, wananyamaza na kungoja nieleze. Basi tangu hapo nasoma kitabu chote nikiweka ora mahali pa dragoni, na kwa ukweli hadithi inabadilika. Mtoto wa Sís anakwenda kutafuta kitu alichokwisha kukijua tangu nyumbani kwake. Mtoto wa kwetu anayesikia "ora" hana picha yoyote kichwani, inabidi amuone mnyama alivyo. Nadhani Sís mwenyewe angependa hilo, maana ndicho anachokitafuta katika kurasa zake za kimya.

Kosa la tatu linanihusu kama mwanaagronomia, na hapa mtanisamehe nikirefusha. Kitabu kinamleta mtoto kwenye makao ya mnyama, lakini makao yenyewe yanabaki kuwa pazia la kijani. Visiwa vya Komodo, Rinca na vile vidogo vya jirani ni kati ya sehemu kavu za Indonesia. Mvua ni ya miezi michache, miezi mingine yote nyasi ni rangi ya simba. Sehemu kubwa ni mbuga ya nyasi yenye mivumo, ndugu wa mivumo yetu ya Afrika, imesimama mmojammoja. Msitu upo, lakini uko kwenye mabonde yanayohifadhi unyevu. Mwanafunzi wa Kalemie au wa Moba akiona picha ya mbuga ile anaweza kudhani ni kwao.

Na ndani ya ukavu huo kuna mambo ambayo mtoto yeyote angeyapenda kuliko uso wa dragoni. Chukueni kiota peke yake. Kule anaishi ndege wa saizi ya kuku, miguu yake rangi ya chungwa, hajui kuatamia. Anachofanya ni kukwangua udongo na majani makavu, siku baada ya siku, mpaka anapata kilima kikubwa kupita urefu wa mtu kwa upana. Anafukia mayai humo. Majani yanapooza yanatoa joto, na joto linaangua mayai. Yaani ndege huyu anatengeneza mboji! Mwaka wa pili wa fakalte tulichimba mashimo ya mboji, tukapima joto kwa kuchomeka fimbo na kuigusa. Ndege huyo anafanya kazi hiyo bila profesa. Ora jike anakuja kuchimba kwenye vilima hivyo, mara nyingi vile ambavyo ndege ameviacha, na kutaga mayai yake humo, kama 20 au 30, karibu na mwezi wa tisa. Anachimba na mashimo mengine ya uongo ili mwizi apotee. Anakilinda kiota kwa muda, kisha anaondoka. Watoto wanatoka mwezi wa nne hivi, mvua ikiwa imeshaleta wadudu wengi.

Hapo ndipo hadithi ya kweli ya watoto ilipo, na hakuna anayeiandika. Mtoto wa ora ana sentimita 40 hivi. Akitoka tu ardhini hana mama wa kumngoja. Wakubwa wa kabila lake wanaweza kumla, na wanamla kweli. Basi anapanda mti. Anaishi juu ya mti miaka yake ya kwanza, anakula panzi na mijusi wadogo, anashuka akiwa na hofu. Walter Auffenberg, mtafiti Mmarekani aliyekaa kisiwani karibu mwaka mzima 1969 na 1970, alieleza kwamba wadogo wanajigaragaza kwenye uchafu wa matumbo ya windo ili wakubwa wasitamani kuwala. Niliwaambia watoto habari hii baada ya kufunga kitabu. Walicheka mpaka mama mmoja akatoka nje kuangalia. Wiki iliyofuata walitaka hiyo tu, kitabu hawakukiuliza. Tena jueni Auffenberg alikwenda kule na mke wake na watoto wake, wakaishi kambini. Familia ya kizungu yenye watoto, mwaka mzima kati ya ora: bahati hiyo Sís hakuitumia, akamchukua mtoto wa siku moja.

Siyo kwamba vitabu vingine vinafanya vizuri zaidi. Vingi vya habari za wanyama, na video za watoto ndiyo usiseme, bado vinarudia kwamba ora ana kinywa kichafu, eti bakteria za mate yake ndizo zinazoua nyati siku kadhaa baadaye. Mwaka 2009 kundi la watafiti pamoja na Bryan Fry wa Australia walionyesha kwamba ana tezi za sumu kwenye taya ya chini, sumu inayoshusha mgandamizo wa damu na kuzuia jeraha kuganda. Mwaka 2024 wengine wakaandika kwamba kingo za meno yake zina tabaka la chuma, rangi ya machungwa, na kwa hiyo zinabaki kali. Hadithi ya kinywa kichafu inakaa kwa sababu ni tamu kusimulia. Sís angalau hakujaza kurasa zake damu. Hilo ni sifa yake, naliongeza kwenye upande wa mazuri.

Narudi kwa watoto ambao hawamo kwenye picha, maana ndiko kunakouma. Kitabu kinapozoesha wasomaji kwa miaka thelathini kwamba kisiwa ni cha mnyama na mgeni anayempenda, wazo hilo halibaki kwenye karatasi. Hifadhi ya Taifa ya Komodo iliundwa mwaka 1980, UNESCO ikaiweka kwenye urithi wa dunia mwaka 1991. Kijiji kilikuwepo kabla ya yote mawili. Zamani wanakijiji waliwinda kulungu na kumwachia ora sehemu yake, walifuga mbwa waliowatahadharisha. Hayo yalikatazwa, na wengine wao wanasema tangu hapo ora amekuwa mkali kwao. Mwaka 2019 gavana wa jimbo alitangaza mpango wa kufunga kisiwa cha Komodo kwa watalii na kuwahamisha wakazi. Watu walipinga, serikali kuu ikaacha mpango huo. Mwaka 2022 wakaja na bei mpya ya kuingia, rupia 3,750,000, karibu dola 250 wakati ule. Wafanyakazi wa utalii wa Labuan Bajo waligoma, bei ikarudishwa nyuma. Mwenyeji anaonekana mara kama muuza vinyago, mara kama tatizo.

Sihitaji kuwaeleza siye wa Kivu. Hifadhi ya Kahuzi-Biega ilitangazwa mwaka 1970, ikapanuliwa mwaka 1975, Batwa wakatolewa msituni, na mwaka 2024 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu ilitangaza uamuzi wake kwamba haki zao zilivunjwa. Ni watoto wangapi wa Ulaya wanaomjua sokwe wa Kahuzi kwa picha nzuri, bila kujua kuna mtoto wa Kitwa ambaye babu yake aliijua miti ile kwa majina? Okapi naye alisemekana "kugunduliwa" mwaka 1901. Wambuti wa Ituri walikuwa wanamla tangu lini?

Wengine mtaniambia: yaya, unakibebesha kitabu cha mtoto wa miaka mitano mzigo wa serikali. Nakubali kwamba mzigo ni mzito. Lakini angalieni hali ya mnyama mwenyewe. Mwaka 2021 shirika la IUCN lilimpandisha ora kwenye daraja la walio hatarini kutoweka. Waliokomaa wamebaki chini ya 1,400. Wanakadiria makao yanayomfaa yatapungua kwa asilimia 30 au zaidi katika miaka 45, joto likiongezeka na bahari ikipanda kwenye mabonde ya chini ambako msitu uko. Kwenye kisiwa cha Padar walikuwepo, leo hawapo, na sababu inayotajwa zaidi ni kulungu kuisha. Nani atakayekuwa pale siku moto utakapowaka kwenye nyasi, au wawindaji wa kulungu watakapofika kwa mashua usiku? Siyo mtoto aliyerudi New York na kumbukumbu yake. Ni yule anayeuza ora wa mbao ufukweni. Kama kuna mtoto anayehitaji kitabu juu ya ora, ni yeye kwanza, na angestahili kujiona ndani.

Sifungi kitabu cha Sís. Nakitumia bado, na ninawashauri walionacho wakitumie, kwa namna hii. Someni mpaka mtoto anapofika kisiwani, simamisheni pale. Waulizeni watoto nani anaishi hapa, waacheni wakisie. Simulieni Gerong na dada yake. Kisha endeleeni na kurasa za kimya, bila haraka, vidole juu ya karatasi. Mkimaliza, kama mna uwanja, kusanyeni majani makavu na udongo, mlundike kilima kidogo, mkimwagie maji, na baada ya siku nne mruhusu kila mtoto aingize mkono ndani asikie joto. Sisi tulifanya hivyo nyuma ya shule, mwezi wa tatu. Yule msichana wa miaka saba aliingiza mkono mpaka kiwiko, akautoa, akaniuliza kama kenge wetu naye anataga humo. Nikamwambia hapana, kenge wa mtoni kwetu anapasua kichuguu na kutaga ndani, mchwa wenyewe wanamfunikia mayai wakikarabati nyumba yao. Hakuniamini. Alikwenda kumuuliza babu yake, aliyevua samaki miaka mingi, akarudi na jibu kwamba ni kweli, na kwamba babu aliwahi kuona.